Ibn al-Baytar, bingwa wa miti na majina yake

Nilipokuwa na umri wa miaka minane hivi, bibi yangu alinituma nikamletee mbono, akamue mafuta ya nywele. Mimi kwa uvivu wa kitoto sikwenda hadi kiungani alikonionyesha. Nilichuma kwenye ua wa karibu, kwa mti ambao nao watoto tukiuita mbono. Njiani mimi na mdogo wangu tukapasua kokwa mbili tatu, tukatafuna. Zilikuwa na ladha kama ya karanga, tukaongeza.

Usiku ule nyumba nzima haikulala. Tulitapika na kuendesha mpaka tukakosa nguvu za kulia. Bibi alipoziona zile zilizobaki mfukoni mwangu alishika kichwa. "Huu ni mbono kaburi!" akasema. "Mimi nilikutuma mbarika." Alfajiri tukapelekwa hospitali tukatiwa maji ya mishipani, na kwa rehema za Mola tukapona.

Baada ya siku chache bibi aliniita uani akanisomesha. Mbarika jani lake ni kama kiganja kilichotanua vidole, na kokwa yake ina madoadoa, mfano wa kupe aliyeshiba. Mbono kaburi jani lake ni kama moyo, na kokwa yake ni nyeusi. Mafuta ya mbarika yana kazi zake, walakini kokwa zake mbichi nazo ni sumu, hazitafunwi. "Miti miwili, jina moja," aliniambia. "Asiyejua tofauti huingia kaburini kwa jina."

Maneno hayo yaliniketi moyoni. Miaka mingi baadaye, ukubwani, nilipata kufungua kitabu kikubwa cha Kiarabu kiitwacho Al-Jami, mkusanyo wa dawa na vyakula, kilichotungwa na Ibn al-Baytar. Nikaitafuta herufi ya kha, nikaiona mbarika kwa jina lake la Kiarabu, khirwa. Mtungaji amemnukuu pale Dioscorides, tabibu wa Kiyunani wa karne ya kwanza ya Miladi, ambaye alieleza kuwa mti ule Wayunani waliupa jina la kupe kwa vile mbegu zake zinavyofanana na mdudu huyo. Nilishangaa sana. Bibi yangu hakujua Kiyunani wala hakupata kuona kitabu hicho, na alama aliyonipa ilikuwa ile ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuata habari ya Ibn al-Baytar, na leo napenda nikusimulie.

MAJINA YALIYOACHWA WAZI

Ili tuielewe kazi ya mtu huyu yafaa tuanze nyuma kidogo. Katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Mutawakkil wa Baghdad, mfasiri mmoja aitwaye Istifan bin Basil alikigeuza kitabu cha Dioscorides kutoka Kiyunani kwa Kiarabu, na bingwa wa wafasiri Hunayn bin Ishaq akakisahihisha. Lakini Istifan alifikwa na tatizo. Miti mingine hakulijua jina lake la Kiarabu. Angeweza kubahatisha, na pengine hapana ambaye angemgundua. Hakufanya hivyo. Yale asiyoyajua aliyaacha kwa Kiyunani chake vile vile, akitaraji kuwa Mwenyezi Mungu atamleta mwingine baada yake atakayeyajua.

Habari hii ilihifadhiwa na Ibn Juljul, tabibu wa Kordoba. Na ni yeye aliyetueleza kuwa mwaka 948 mfalme wa Rumi wa Constantinople alimpelekea mtawala wa Andalusia, Abd al-Rahman wa Tatu, nakala ya Kiyunani ya kitabu hicho iliyopambwa kwa picha za miti. Kordoba yote hapakuwa na mtu aliyejua Kiyunani cha kale. Ikabidi aombwe mwalimu, na mwaka 951 akaletwa mtawa jina lake Nicholas. Matabibu wa Kiislamu, waziri wa Kiyahudi Hasdai bin Shaprut na mtawa wa Kikristo wakakaa pamoja wakiyachambua majina moja moja. Hapo ndipo Andalusia ilipoanza kuwa chuo kikuu cha elimu ya mimea, na katika mila hiyo ndimo alimozaliwa bwana wetu.

MWANAFUNZI WA MUHADITHI

Jina lake kamili ni Dhiya al-Din Abdallah bin Ahmad, na alizaliwa Malaga, kusini ya Hispania ya leo, karibu na mwisho wa karne ya 12. Ibn al-Baytar maana yake ni mwana wa tabibu wa wanyama. Alisoma Seville, mji ambao Waarabu waliuita Ishbiliya, kwa mwalimu aliyekuwa na sifa mbili ambazo ni nadra kukutana kwa mtu mmoja. Mwalimu huyo, Abu al-Abbas al-Nabati, alikuwa mwanachuoni wa hadithi, na papo hapo bingwa wa mimea. Aliposafiri kwenda kuhiji aliwatafuta wapokezi wa hadithi na huku akiitazama miti ya kila nchi aliyopita.

Sisi tuliokaa juu ya mkeka chuoni twajua kazi ya muhadithi ilivyo. Hadithi haipokelewi ila kwa isnadi. Ni nani aliyekwambia, naye alimsikia nani, na huyo je, ni mtu wa kuaminika? Mimi naona, na haya ni maoni yangu, kwamba mwanafunzi wa Abu al-Abbas aliichukua kanuni hiyo akaitia katika elimu ya mimea, na ndiyo siri ya ukubwa wake. Mwalimu na mwanafunzi walikuwa wakitoka pamoja viungani mwa Seville kuchuma na kulinganisha, kwani mti usomwao ndani ya kitabu tu ni kama samaki asomwaye bila ya kwenda pwani.

SAFARI, NA SIRI YA BIJAYA

Kiasi cha mwaka 1220 kijana huyu alifunga safari, wala hakurudi tena kwao. Alipita pwani ya Afrika ya Kaskazini, Bijaya, Constantine, Tunis, Tripoli na Barqa, akafika mpaka nchi za Rumi, katika Uturuki ya leo. Kila alikotua aliwatafuta watu wanaoijua miti ya kwao, akajifunza kutoka kwao, na akataka auone mti mwenyewe pale unapoota.

Katika faida za safari hiyo iko moja ambayo yastahili tuisimamie. Katika kitabu chake umo mmea uitwao atrilal. Neno hilo si la Kiarabu, ni la Kiberberi, na maana yake ni mguu wa ndege. Ibn al-Baytar aeleza kuwa kabila moja la Waberberi wa upande wa Bijaya ndilo lililoijua dawa hii, likiificha na kurithishana kwa siri, hata habari zake zikaja zikaenea. Mbegu zake zilikuwa zikitumiwa kutibu baras, yaani yale mabaka meupe ya ngozi ambayo sisi twayaita mbalanga. Mgonjwa alikunywa mbegu zilizosagwa, kisha akakaa juani na mahali penye mabaka pakiwa wazi. Ngozi ile hufanya malengelenge, na baadaye rangi hurudi.

Ni nani ahitaji kuambiwa uzito wa jambo hili? Twajua jinsi mwenye mbalanga anavyotazamwa, na jinsi binti anavyoachwa na wachumba kwa doa lisilomdhuru mtu. Dawa ile, kwa walioihitaji, ilikuwa ni kurudishiwa uso wao.

Basi sikiliza yaliyofuata. Karne 7 zikapita. Mbegu zile ziliendelea kuuzwa katika maduka ya mitishamba ya Misri kwa jina lile lile la atrilal. Katika miaka ya 1940 daktari wa Kimisri, Abdel Monem El Mofty, akaanza kuzijaribu kwa utaratibu wa hospitali, na mwaka 1947 wataalamu wa Misri Fahmy na Abu-Shady wakafanikiwa kuitoa ndani ya mbegu ile dawa yenyewe iliyo safi. Leo dawa hiyo huitwa methoksaleni. Kazi yake ni kuifanya ngozi ihisi zaidi miale ya jua, ndiyo sababu dawa bila ya jua haikufaa kitu, kama alivyoandika Ibn al-Baytar. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani wakaonyesha kwamba dawa hiyo, ikiunganishwa na taa ya miale maalumu, yatibu pia soriasisi, ugonjwa wa magamba ya ngozi.

Hapa sina budi nitoe onyo. Asitoke mtu akaenda kutafuta mbegu akakaa juani. Dawa hiyo huweza kuiunguza ngozi vibaya, na matumizi ya muda mrefu yamehusishwa na saratani ya ngozi. Siku hizi wenye mbalanga aghalabu hutibiwa kwa mwanga wa aina nyingine usiohitaji dawa hiyo. Mwenye haja amwendee daktari wa ngozi. Nililotaka kulionyesha ni kwamba neno moja la Kiberberi, lililoandikwa kwa uangalifu na mtu aliyekwenda kuuliza, lilikuwa mlango ulioachwa wazi kwa miaka 700.

MKUU WA WAJUZI WA MITI

Safari ilimfikisha Misri, akaingia katika utumishi wa Sultani al-Kamil wa ukoo wa Ayyub, ukoo wa Salah al-Din. Sultani alimwamini katika mambo ya dawa za miti, akamfanya mkuu wa wajuzi wote wa mitishamba wa Misri. Al-Kamil alipofariki mwaka 1238, Ibn al-Baytar alimtumikia mwanawe, al-Salih Ayyub, na kitabu chake kikubwa alikitunga kwa ajili ya sultani huyu.

Sifa zake zatoka kwa shahidi aliyemwona kwa macho. Huyo ni Ibn Abi Usaybia, mwandishi wa tarehe ya matabibu, aliyekutana naye mara ya kwanza Damascus mwaka 633 wa Hijra, yaani kiasi cha 1235 au 1236 Miladi. Alimsifu kwa adabu na uungwana wake. Walitoka pamoja viungani mwa Damascus kuiangalia mimea ilipo. Kisha hukaa wakasoma. Ibn al-Baytar huanza kwa kueleza alilosema Dioscorides, akalitaja jina kwa Kiyunani kama alivyolisahihisha alipokuwa nchi za Rumi. Hufuatisha aliyoyasema Galen, kisha waliokuja baadaye, na wapi wamehitilafiana, na wapi wamekosea. Mwanafunzi akienda kuvifungua vitabu huona hakuacha kitu. Lililomstaajabisha zaidi ni kuwa mwalimu wake hakuitaja dawa ila alieleza iko katika sehemu ipi ya kitabu cha Dioscorides au cha Galen, na ni ya ngapi katika hesabu ya sehemu ile.

Alifariki ghafla Damascus, mwezi wa Shaabani mwaka 646 wa Hijra, sawa na mwaka 1248.

KITABU NA ATHARI YAKE

Al-Jami ni kamusi ya dawa moja moja na vyakula, iliyopangwa kwa herufi za Kiarabu. Ndani yake mna dawa kiasi cha 1,400, zikiwemo za mimea, wanyama na madini, na waandishi waliotajwa humo ni kiasi cha 150. Katika dibaji ameeleza makusudio yake, na kwa muhtasari ni haya. Kila kauli aitaje na mwenyewe. Aliloliona na kulihakikisha mwenyewe alithibitishe, na lisilosihi aliache hata kama msemaji wake ni mkubwa. Asikariri bila ya haja. Apange kwa herufi ili mtafutaji asihangaike. Aonye penye makosa ya waliotangulia, kwani wengi walitegemea kunakili tu. Na ayataje majina ya mti kwa lugha mbalimbali, Kiberberi na Kilatini cha watu wa Andalusia vikiwemo, ili msomaji wa kila nchi aujue mti ni upi.

Katika hao aliowanukuu yumo Sharifu al-Idrisi, ambaye wengi wetu twamjua kwa jiografia yake ya mwaka 1154 iliyoitaja Malindi na Mombasa. Al-Idrisi alitunga pia kitabu cha mimea chenye majina ya lugha nyingi.

Fauka ya Al-Jami, alitunga Al-Mughni, kilichopangwa kwa maradhi badala ya herufi, na kitabu cha kuyaeleza majina yaliyomo katika Dioscorides. Yale majina ambayo Istifan aliyaacha wazi Baghdad, karne 4 baadaye alikuwa amepatikana wa kuyaeleza. Nakala ya kitabu hiki ilihifadhiwa Makka, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ikachapishwa kwa kazi ya mwanachuoni wa Tunisia, Ibrahim Ben Mrad.

Athari yake ilienda mbali. Katika karne ile ile ya 13, kule Yemen, kilitungwa kitabu cha dawa kiitwacho Al-Mutamad, kinachonasibishwa na Sultani al-Muzaffar Yusuf wa ukoo wa Rasul, aliyefariki mwaka 1295. Humo kila neno lililotoka kwa Ibn al-Baytar limewekewa herufi ya ain kuwa alama yake. Daud al-Antaki, tabibu kipofu aliyefariki Makka mwishoni mwa karne ya 16, naye alimtegemea katika Tadhkira yake mashuhuri. Ulaya ilichelewa. Tafsiri ya Kijerumani ilichapwa Stuttgart mwaka 1840 hadi 1842, ikaonekana ina kasoro nyingi. Mwaka 1874 kitabu kikapigwa chapa kwa Kiarabu Bulaq, Misri. Kisha Lucien Leclerc, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyewahi kukaa Algeria, akakifasiri kwa Kifaransa kwa juzuu tatu, 1877 hadi 1883, na hiyo ndiyo iliyowafungulia mlango wataalamu wa Ulaya.

Insafu yataka niseme na lawama zake. Max Meyerhof, tabibu wa Kijerumani aliyeishi Cairo na kuitafiti sana elimu hii, alionyesha kuwa Ibn al-Baytar alichukua mengi mno kutoka kwa al-Ghafiqi, bingwa wa Andalusia wa karne ya 12. Ni kweli. Walakini al-Ghafiqi ametajwa kwa jina katika kitabu kile mara nyingi. Vitabu vingi vya watangulizi vimepotea, na maneno yao twayapata leo kwa kuwa mtu huyu aliyanukuu akasema ni ya nani.

NA SISI JE?

Sisi watu wa pwani elimu hii si ngeni kwetu. Tuingie duka lolote la dawa za asili, tuisikilize lugha ya mwenye duka: habasoda, sanamaki, zafarani, kafuri, karafuu. Mdalasini ni ile darsini ya vitabuni, yaani mti wa Uchina, tuliyoivika kiambishi chetu ikawa ya kwetu.

Lakini iko miti yetu yenyewe, ya msituni, ya kiambo na ya mikokoni, ambayo haimo kwa Dioscorides wala kwa Ibn al-Baytar. Hata ule mbono kaburi ulionilaza hospitali hakuujua, kwani asili yake ni Amerika, na alikufa karne mbili na nusu kabla ya meli za Ulaya kufika huko. Miti hiyo ni nani aliyeiandikia majina? Mmoja alikuwa P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, aliyetunga kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili pamoja na majina yake ya kitaalamu. Toleo la pili lilitoka Dar es Salaam mwaka 1940. Hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Amani mwaka 1902, ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Yuastahili shukrani. Lakini kamusi ya mtu mmoja haitoshi pwani inayoanzia Lamu hadi Vanga na kuvuka, ambako mti mmoja una majina matatu, na jina moja lina miti miwili.

Bibi yangu amefariki zamani. Alijua miti mingi kuliko niliyomuuliza, na hilo ndilo linaloniuma. Waliobaki wa rika lake ni wachache, na vijana wetu ukiwauliza huu ni mti gani hukujibu, "Ni jani tu." Nami sina haki ya kuwacheka, maana nami nilikwenda kwenye ua wa karibu.

Kwa hiyo nimejinunulia daftari. Nimelipiga mistari minne: jina, mahali unapoota, aliyenieleza, na nililoliona kwa macho yangu. Mstari wa mwisho aghalabu hubaki mtupu, na niliuacha hivyo hivyo, kama Istifan. Ukurasa wa kwanza nimeandika mbarika na mbono kaburi, na katika safu ya aliyenieleza nimeandika, bibi. Wewe nawe msomaji, ikiwa kwenu yuko mzee anayeijua miti, mwendee wiki hii na daftari lako, na muende naye mpaka ulipo mti wenyewe. Nami nakuaga kwa ubeti huu:

Jina la mti amana, usiache lipotee,
Uandike uloona, na shaka uikemee,
La mwenzio ukinena, jinale liegemee,
Elimu ni kufatana, wa nyuma wapokelee.